Mtoro wa Saa Nne

Siku hizi nikitandaza shuka mezani na kuipiga pasi kutoka pindo hadi pindo bila kukutana na mpasuko, nashusha pumzi. Mtu akinisikia atasema mama huyu kakosa la kufurahia, anafurahia shuka. Acha aseme. Kuna miezi sikuwa na raha na shuka hata moja, na nikitaka kusimulia habari za Bi Povu sina budi kuanzia hapo, kwenye meza yangu ya pasi, kwa sababu na mimi nina fungu langu katika yale yaliyotokea na sitajificha nyuma ya mgongo wa mtu.

Ninapiga pasi katika makao ya watu wenye ulemavu wa akili. Wodi ziko juu, kwenye mwinuko, na chumba cha kufulia kiko chini kabisa, jirani na geti, kwa sababu ndiko jua linakokaa kutwa. Kamba za kuanikia ziko nyuma ya chumba chetu. Ukichungulia kwenye dirisha la wodi, kamba huzioni. Unaona njia inayoteremka, unaona geti mwisho wa njia, basi. Nalitaja hilo mapema kwa kuwa kosa lote lilizaliwa hapo.

Dobi ni Bi Povu. Mimi ni msaidizi wake, ingawa mbele za watu husema ni mwenzake, naye hunisahihisha. Ni mrefu, mkavu, mikono imekunjamana kwa maji ya miaka ishirini na miwili, na jina hilo alilipata kwa mdomo wake zaidi ya sabuni yake. Mletee nguo za wodi mbili zilizochanganywa, utajuta kuzaliwa. Lakini kwa kazi hana mfano. Kila shuka mpya, kabla haijapanda kitandani, yeye huishona alama pembeni kwa uzi mwekundu: mstari mmoja mfupi kwa wodi ya kwanza, miwili kwa ya pili, mitatu kwa ya tatu. Hakuna aliyemwagiza. Anasema wino wa stoo hauvumilii maji ya moto, na yeye hana muda wa kubishana.

Mwaka huo mashuka yakaanza kupungua. Mtunza stoo, bwana mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni na bado hukuomba yako, alikuwa akija kuhesabu, anatutazama, anahesabu tena. Siku moja akasema kwa kicheko, "Bi Dobi, hii mashine yako siku hizi inakula mashuka?"

"Inakula wenye maswali," Bi Povu akamjibu. Lakini jioni ile aliondoka bila kuniaga, nikajua limemchoma. Miaka yote hiyo mtu hajabeba hata kitambaa cha mkono, halafu anaitwa mwizi kwa mzaha.

Kama hilo halikutosha, tukapata na la kutugombanisha sisi wenyewe. Asubuhi tunaanika mzigo wa kwanza, tunaingia ndani kwa wa pili. Mashine ikishaanza kukamua, hata jina lako hulisikii. Tukitoka tena, tunakuta mkono wa mtu umepita. Mimi hubana kila shuka na vibanio vyake. Tunakuta shuka zimesogezwa, ncha ya hii imelalia ncha ya ile, kibanio kimoja kimezishika zote mbili, na mstari mzima umenyooka. Vibanio vilivyobaki vimepangwa ukingoni mwa beseni, vyekundu kivyake, vya bluu kivyake.

"Ukitaka kunifundisha kuanika, sema," Bi Povu akaniambia.

"Mimi? Si wewe unayenionyesha kwamba sijui kazi?"

Tukanuniana siku mbili nzima. Siku ya tatu akaniachia mashine, akaenda kujibanza nyuma ya pipa la maji. Baada ya muda akanivuta kiwiko. "Njoo uone anayetugombanisha."

Alikuwa mwanamume wa makamo, wa wodi ya pili, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, vibanio viwili mdomoni. Akachukua pembe ya shuka, akaikung'uta mara moja tu, akaibana, akapiga hatua mbili nyuma, akaangalia, akarudi kuinyoosha. Alipomaliza mstari akajipangusa mikono kwenye suruali, akarudi wodini kwa njia ileile aliyojia. Tukamwita Vibanio, naye akaitika bila kinyongo. Hakuwa msemaji. Neno lake kubwa lilikuwa "upepo", na alilitamka kwa heshima, kama mtu anayemtaja bosi.

Tulimfaidi wiki mbili hivi. Siku anayofika, anafika saa nne kamili, hata kama hakuvaa saa. Siku nyingine hafiki, nasi hatukujua kwa nini. Kisha akakatika kabisa. Nikamwuliza mlinzi wa geti.

"Yule mtoro?" akasema. "Wamemdhibiti. Miezi sita hii, kila saa nne anateremka mbio kuja kwenye geti langu. Nimemdaka hapo kwenye kona mpaka nimechoka. Siku chache tu ndizo alizonipita."

"Hakimbilii geti. Anakuja kuanika nguo."

"Mama, mimi nimewekwa kuangalia geti. Kamba sijawekwa."

Neno hilo "wamemdhibiti" nililielewa vizuri kuliko nilivyotaka. Na sasa niseme langu. Kwa miezi kadhaa, pamoja na nguo za wodini, kilikuwa kinakuja kifuko kidogo cha vitambaa virefu, upana wa kiganja. Kifuko hicho nilikuwa nakishughulikia mimi. Nilivifua, nikavipiga pasi, nikaviviringa vizuri, nikavirudisha juu. Nilijiambia ni bandeji. Mtu mzima anaijua bandeji. Bandeji haiji imechakaa katikati tu, haiji na harufu ya jasho la mtu aliyekuwa akivutana na kitu. Nilijua, nikanyamaza, nikapiga pasi.

Siku moja kitambaa kimoja kikachopoka kwenye kifuko, kikaangukia miguuni mwa Bi Povu. Kilikuwa na fundo lililokazwa kwa nguvu za mtu mzima. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kulifungua kwa kucha na meno. Ndani ya fundo mlinaswa kifungo cha shati, cheupe, na uzi wake bado. Akakiangalia. Kisha akavuta kitambaa mpaka mwisho, na pembeni kukatokea mistari miwili ya uzi mwekundu.

"Hii ni shuka yangu," akasema.

Nikangoja povu. Halikuja, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Dada, yaache," nikamwambia. "Sisi kazi yetu ni kufua. Ya wodini ni ya wodini."

Akaendelea kukishika kile kifungo. "Nilikuwa na mdogo wangu wa kike," akasema. "Alikuwa hivi hivi kama hawa. Wageni wakija nyumbani, mama alimwingiza chumba cha nyuma, na ufunguo nilikuwa naugeuza mimi. Wakiondoka namfungulia. Kila nikimfungulia alikuwa ananikumbatia, ananisalimu, kama mimi ndiye niliyetoka safari. Hajawahi kuninunia hata siku moja." Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikuwahi kusikia kwamba ana mdogo wake. Akanyanyuka, akajifuta mikono, akapanda mwinuko na kitambaa chake mkononi. Nikamfuata, shingo upande.

Vibanio alikuwa kwenye benchi la varandani. Kitambaa kimoja kimempita kiunoni na kufungwa nyuma ya benchi, kingine kimeshika mikono yake mgongoni. Shati lake lilikuwa limekosa kifungo cha juu, na kwa mtu aliyejifunga mpaka shingoni kila siku, ile shingo wazi ilinitia aibu kuitazama. Alituona, akasema, "Upepo." Kweli ulikuwa unavuma.

Msimamizi wa wodi alitoka na kikombe cha dawa. Sitamfanya shetani, maana hakuwa shetani. Alikuwa kijana wa watu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Bi Dobi, usinianze," akasema. "Niko na mwenzangu mmoja, na watu thelathini na wanane. Huyu akitoka getini akagongwa na gari, nani atajibu? Wewe?"

"Kwa hiyo unamfunga kama mzigo."

"Namfunga ili awe hai. Mwanzoni nilimfunga mikono mbele, akafungua. Mafundo anayajua kuliko mimi. Na hata hivyo tumefika mwisho. Alhamisi dada yake anakuja kusaini, anahamia jengo la nyuma."

Jengo la nyuma ndiyo wodi ya tatu, na sisi tunalijua kwa mashuka yake tu. Mlango wake unafunguliwa kutoka nje, na halina uwanja. Watu wake hatuwaoni. Waliokuwa wakitupungia mkono njiani, wakishaingia kule, wanabaki mistari mitatu ya uzi mwekundu kwenye beseni. Bi Povu akamwangalia Vibanio, akaniangalia mimi, tukateremka.

Kule chini akaniambia, "Nataka vitambaa vyote."

Nikatoa kifuko kutoka chini ya meza yangu. Akavitazama vile viviringo, vimenyooka, vimekaa safi kama vya duka la dawa. "Umevipiga pasi," akasema.

"Nimevipiga pasi," nikajibu, na machozi yakanitoka. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru kutukanwa. Akavuta tu kiti.

"Basi lete sindano mbili," akasema.

Siku tatu, kila mapumziko ya mchana, tulishona. Tuliunga kitambaa kwa kitambaa, mshono juu ya mshono, mpaka ikawa shuka tena. Ilikuwa shuka mbaya, sitatia chumvi: imevimba kwenye mishono, imepinda upande mmoja, na ile mistari myekundu ambayo kwa kawaida hukaa pembeni imetapakaa katikati kama upele. Nikaipiga pasi. Hiyo niliipiga pasi kwa moyo wangu wote.

Alhamisi tukaitwa ofisini kwa mkurugenzi kujibu habari za mashuka. Mkurugenzi ni mama mpole wa sauti, mwenye mafaili mpaka dirishani, ambaye miguu yake ilikuwa na muda haijapanda wodini. Mtunza stoo alikuwepo na daftari lake. Msimamizi alikuwepo na karatasi ya uhamisho. Na kwenye kiti cha ukutani aliketi mama mmoja aliyevaa nguo za kutokea, mkoba juu ya magoti, kaushika kwa mikono miwili. Ndiye dada yake Vibanio, mkubwa wake.

Bi Povu hakusubiri kuulizwa. Alikunjua shuka yetu juu ya meza, juu ya mafaili, juu ya karatasi ya uhamisho na kalamu yake.

"Hii ni moja ya zilizopotea," akasema. "Nyingine ziko viunoni mwa watu."

Mkurugenzi akapitisha kidole kwenye mshono mmoja, akapitisha kwenye wa pili. "Na huu uzi mwekundu?"

"Ni mkono wangu. Hesabu, mama. Kila penye uzi hapo pana shuka nzima iliyochanwa."

Mtunza stoo akafunga daftari lake polepole. Msimamizi akajitetea, akarudia yale ya gari na watu thelathini na wanane, na hayakuwa ya uongo. Mkurugenzi akashika paji la uso. "Nakubali kumfunga mtu hivi si sawa," akasema. "Lakini huyu anatoroka. Imeandikwa hapa mara arobaini. Nikimwacha wazi nimfanyeje?"

Bi Povu akamgeukia yule dada. "Samahani, dada yangu. Mdogo wako akikimbia, huwa anakwenda wapi?"

"Sijui," akajibu. "Nimeambiwa anatoroka. Hawakuniambia anakokwenda."

"Na wewe walishakuuliza?"

"Waliniuliza kama ana kifafa. Na kama anang'ata."

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nne. Bi Povu akaitazama, nami nikajua anachotaka kusema, nikamvuta nguo asikiseme. Alikisema. "Mfungueni, tumfuate nyuma bila kumgusa. Akilishika geti, dada huyu asaini, na mimi niandike barua ya kuacha kazi leo hii."

Tukapanda wote. Vibanio alipofunguliwa alijisugua vifundo vya mikono, akasimama, akanusa hewa. Halafu akaanza kuteremka, na kweli alikuwa anakimbia. Tukamfuata tukihema, mkurugenzi kashika viatu vyake mkononi, mtunza stoo nyuma kabisa. Tulipofika penye kona, lori la kuni lilikuwa linaingia, na geti lilikuwa wazi pande zote mbili, barabara inaonekana mpaka ng'ambo.

"Funga geti," msimamizi akamwita mlinzi.

"Liache," Bi Povu akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, lakini mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania wangu hadi mifupa ikauma.

Vibanio akasimama. Akalingoja lori lipite, kama mtu yeyote mwenye akili zake angengoja. Likapita. Kati yake na barabara hapakuwa na kitu wala mtu. Akakata kushoto, akazunguka ukuta wetu, na tulipofika nyuma tulimkuta ameshatia vibanio mdomoni, anaanua shuka nilizozianika mimi asubuhi na kuzianika upya.

Akachukua pembe, akakung'uta mara moja, akapiga hatua mbili nyuma, akaangalia. Yule dada akaachia mkoba wake ukaanguka chini.

"Huyo ni mama," akasema. "Anavyokung'uta hivyo ni mama yetu kabisa. Mama alikuwa dobi. Saa nne ndiyo saa yake ya kuanika, na huyu ndiye alikuwa akimpa vibanio, tangu mtoto mpaka mama anaingia kaburini. Tulipomleta hapa hatukusema. Nani angedhani ni jambo la kusema?" Akaenda akasimama karibu na mdogo wake. Vibanio akamtazama kidogo, akatoa kibanio mdomoni, akampa.

Msimamizi alikuwa ameketi juu ya ndoo ya Bi Povu. "Miezi sita," akasema, "miezi sita namfukuzia mtu anayekwenda kazini." Akacheka, kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati, na mimi nikamhurumia kuliko nilivyotegemea. Mkurugenzi, bado hana viatu, akamwambia ile karatasi aiache hukohuko chini ya shuka, haitahitajika.

Sitawadanganya kwamba makao yetu yamegeuka pepo. Lakini amri ilitoka wiki ileile kwamba hakuna mtu wa kufungwa kwa kitambaa wala kwa kitu kingine chochote, wodi ya pili ikaongezewa wahudumu wawili, na mlango wa jengo la nyuma sasa unafunguliwa asubuhi, watu wanatoka kuota jua, tunawaona na wanatupungia. Mtunza stoo hakuomba radhi. Alituletea mashuka mapya ishirini bila kuuliza swali, na kwa bwana yule, hiyo ndiyo radhi.

Ijumaa yake, kesho yake baada ya ile Alhamisi ya ofisini, tulianika mapema, nikaanika hovyo makusudi ili apate la kufanya. Saa nne ikafika. Ikapita. Bi Povu akazima mashine, tukasikiliza njia. Kimya. Tukapanda.

Alikuwa kwenye benchi lake. Hapakuwa na kitambaa kiunoni, hapakuwa na kitambaa mikononi, varanda yote haikuwa na uzi. Lakini alikuwa ameketi wima, mikono yote miwili kaiweka nyuma ya mgongo mwenyewe, kama ilivyokuwa ikifungwa, akitungoja tumpe ruhusa au tumfunge, sijui lipi. Nilishindwa kumtazama. Nilijiona mimi na viviringo vyangu.

Bi Povu akasimama mbele yake, mikono kiunoni. "Wewe," akasema. "Saa nne imepita. Huyu mwenzako ameanika kama anatupa takataka, na wewe umekaa tu hapa unapunga upepo?"

Vibanio akamwangalia. Akatoa mkono mmoja kutoka nyuma, akautazama. Akatoa wa pili.

"Nimechelewa," akasema.

"Umechelewa. Twende."

Akafunga kifungo cha juu cha shati, kile cheupe ambacho Bi Povu alikuwa amekirudishia kwa uzi mwekundu. Tukateremka watatu, taratibu, kama watu wanaokwenda kazini. Siku hiyo hakukimbia. Alipofika kwenye kamba akatazama nilivyoanika, akanitazama mimi, akatikisa kichwa, akaanza upya.